Mbao Isiguse Udongo: Ushauri wa Kujenga Kisanduku cha Viungo Dirishani

Anayetaka kuotesha mrehani, nanaa na giligilani dirishani kwake mara nyingi huanza na sanduku la mbao la namna moja: mbao nne za pembeni, kitako, misumari, kisha udongo unamwagwa ndani na mbegu zinapandwa. Kwa miezi michache ya mwanzo huoni kasoro. Baadaye pembe huanza kuachia, kitako hubonyea, rangi hubabuka, na maji yanayochuruzika huacha doa la kahawia ukutani. Mwenye sanduku huilaumu mbao, au humlaumu fundi. Ninavyoona, wote wawili wanaonewa. Tatizo ni kazi ambayo mbao imepewa. Kisanduku cha dirishani hakipaswi kubeba udongo. Kinapaswa kubeba vyombo vilivyobeba udongo. Ukilikubali hilo, maswali mengine yote, ya aina ya mbao, ya kina, ya viungio, ya rangi, hata ya mimea ipi ikae pamoja, yanapata majibu mepesi na yasiyo na gharama kubwa.

Tuanze na mbao yenyewe. Fangasi wanaoiozesha wanahitaji hewa, joto na unyevu. Hewa na joto havikosekani Dar es Salaam, Tanga wala Mombasa, kwa hiyo kitu pekee ambacho mjenzi anaweza kukitawala ni unyevu. Mbao iliyokaushwa vizuri na kukaa ndani ya nyumba, hata huku pwani, hubaki na unyevu usiofika asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na chini ya kiwango hicho fangasi hawapati nafasi. Udongo unaomwagiliwa kila baada ya siku moja au mbili huivusha mbao mpaka huo na kuiweka huko wiki hadi wiki. Isitoshe, mbao ikilowa haivimbi kwa usawa: hutanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu haibadiliki. Upande wa ndani ukiwa umelowa na wa nje mkavu, ubao hujipinda, skrubu huvutwa, na pembe iliyokuwa imebana hufunguka. Ndiyo sababu sanduku la udongo huachia pembeni hata kabla halijaoza, na ndiyo sababu kuongeza misumari hakulisaidii.

Ushahidi wa pili unatoka kwa mimea, na huu ndio naona una nguvu zaidi. Nanaa hupenda udongo usiokauka; ukiuacha ukauke kwenye jua la pwani, majani hunyauka na kingo zake zinageuka kahawia. Rozimari, ambayo asili yake ni miteremko mikavu ya Mediterania, hufa kwa wingi wa maji kuliko kwa kiu. Mizizi yake ikikaa kwenye tope huoza ilhali majani ya juu yangali mabichi, na mwenyewe akiona mmea umefifia huuongezea maji na kuumaliza kabisa. Mrehani uko katikati ya hao wawili. Giligilani, ambayo wengine tunaiita kotmiri na wengine dania, ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, haipendi kuhamishwa, na maisha yake ni mafupi mno. Ukiipanda mimea hii minne kwenye udongo mmoja, umejifunga kuinywesha kwa ratiba moja, na ratiba yoyote utakayoichagua itaua mmojawapo. Tena nanaa hutambaa kwa mashina yanayopita chini ya udongo. Kwenye sanduku lisilo na vizuizi itafika kila kona. Na mche mmoja ukishikwa na ugonjwa wa mizizi, huna la kufanya ila kumwaga udongo wote pamoja na mimea iliyokuwa mizima.

Hapa inafaa kuisahihisha imani iliyoenea sana, kwamba kokoto au vigae vikiwekwa chini ya udongo maji hutoka kwa urahisi zaidi. Sivyo. Maji hushikiliwa na vinafasi vidogo vilivyo kati ya chembe za udongo, na hayashuki kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo lile tabaka la tope ambalo hukaa chini ya kila chombo halipotei, linasogezwa juu tu, karibu zaidi na mizizi, na kina cha udongo unaofaa kinapungua kwa kadiri ya kokoto ulizoweka. Kwa udongo wa aina moja, tabaka hilo huwa na unene ule ule, chombo kiwe kirefu au kifupi. Chombo chenye kina cha sentimita 10 kinaweza kuwa na tope karibu nusu yake, wakati chenye sentimita 20 hubakiza nafasi nzuri ya hewa kwa mizizi. Sanduku la dirishani lililozoeleka, refu kwa mlalo na lenye kina kifupi, lina umbo baya kuliko yote kwa jambo hili. Vyombo vitatu vyenye kina vikikaa ndani ya sanduku moja vitaikuza mimea vizuri zaidi kuliko sanduku zima lililojaa udongo usio na kina, hata kama udongo wenyewe ni mchache.

Wapo watakaopinga kwa kusema: tandika nailoni ndani ya sanduku, mambo yaishe. Pingamizi hili si la kupuuzwa, kwa maana ushauri huo umeenea na una mantiki kwa mtazamo wa kwanza. Lakini hebu tufuate njia ya maji. Nailoni isiyo na tundu hugeuza sanduku kuwa dimbwi. Ikitobolewa, maji yote hutokea kwenye tundu lililotobolewa kwenye kitako, na kuta za tundu hilo ni mbao iliyokatwa isiyo na kinga yoyote. Yaani sehemu inayolowa kuliko zote inakuwa ndiyo isiyolindwa. Misumari midogo inayoishikilia nailoni huipasua pembeni, na koleo la mkono humalizia kazi hiyo siku ya kwanza ya kubadilisha udongo. Unyevu ukishapenya, hukwama kati ya nailoni na mbao, mahali ambapo hewa haifiki kuukausha. Mbao inaoza kwa nyuma huku uso wa mbele unameta kwa vanishi, na unakuja kugundua siku kitako kinapodondoka.

Wengine watasema dawa ni kutumia mbao isiyooza. Ni kweli kwamba kiini cha mvule au cha msaji hustahimili unyevu kwa miaka mingi, na mafundi wa mashua na wa milango wa pwani walilijua hilo kitambo. Lakini sifa hiyo ni ya kiini. Sehemu ya nje ya gogo, ile yenye rangi iliyofifia, huoza karibu kama mbao nyingine yoyote, na vipande vinavyobaki kwenye karakana, ambavyo ndivyo mtu wa kisanduku kimoja angevinunua, mara nyingi vina sehemu hiyo. Mbao ngumu ni ghali, nayo pia hutanuka na kusinyaa, na haitatui kabisa tatizo la nanaa na rozimari kunywa maji mamoja. Ukipata kipande cha msaji au mninga kwa bei nzuri pale Keko, Dar es Salaam, kinunue kwa ajili ya uzuri wake. Usikinunue ukidhani kitafanya kazi ya chombo cha udongo. Kwa kisanduku kikavu, paini ya Sao Hill kule Mufindi inatosha sana, na Kenya saiprasi ya nyanda za juu inatosha vile vile.

Mbao za kuziepuka ndizo zinazohitaji mkazo, maana hapa suala ni afya. Paini iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ile yenye ukijani, mara nyingi imeshindiliwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Watengenezaji wa Marekani walikubali kuacha kuitumia dawa hiyo kwenye mbao nyingi za matumizi ya nyumbani kufikia mwisho wa 2003, na sababu ilikuwa hiyo aseniki. Darini, juu ya vichwa vya watu, mbao hiyo ina kazi yake. Karibu na majani utakayoyakatia kwenye mchuzi, haifai. Oili chafu ya magari, inayopakwa sana kwenye nguzo na fremu kufukuza mchwa, haifai pia: ina mabaki ya metali na kemikali za moshi wa injini, na harufu yake haitoki ndani ya chumba. Mbao za paleti zinaweza kutumika, ila tazama muhuri wake. Herufi HT zina maana kwamba zilitibiwa kwa joto. MB ni gesi ya methili bromaidi, na hizo ziache. Paleti isiyo na muhuri, au yenye madoa ya kitu kilichomwagika, iache pia.

Sasa linakuja swali gumu zaidi, ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliuliza: kama udongo unakaa kwenye vyombo vya plastiki, mbao ya nini? Si tuviweke tu vyombo dirishani? Nakiri kwamba mimea ingeota. Lakini kisanduku kinafanya kazi tatu ambazo vyombo peke yake haviwezi. Kwanza, kinavishikilia: dirisha ni mahali pa upepo, pa pazia linalopeperuka na pa mikono ya watoto, na chombo kimoja chenye mmea mrefu huangushwa kirahisi, ilhali vitatu vilivyobanwa pamoja haviendi popote. Pili, kinavikinga na jua. Plastiki nyembamba inayopigwa na jua letu mwaka mzima hukakamaa na kupasuka, na kabla ya hapo, ikiwa ni nyeusi, huupasha udongo joto kiasi cha kuunguza mizizi ya upande wa dirisha. Ukuta wa mbao wenye unene wa sentimita mbili huizuia miale hiyo. Tatu, kinashikilia sinia la kukingia maji, na kwa anayekaa ghorofani hilo ni suala la ujirani mwema. Mbao hapa ni nguo na ukuta, na kazi hizo inaziweza.

Kabla ya kugusa msumeno, lichunguze dirisha. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huelekeza dirisha la kusini, kwa sababu kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu ushauri huo unapotosha. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, mwaka hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Na hata likiwa upande wa dirisha lako, jua hilo la mchana liko juu sana. Ukingo wa paa au kibaraza huliziba lisiingie. Madirisha yanayopokea jua la uhakika mwaka mzima ni ya mashariki na ya magharibi. La mashariki hupata jua la upole tangu saa moja hadi saa nne au saa tano asubuhi, na hilo ndilo bora kwa giligilani na nanaa. La magharibi hupata jua kali la alasiri, ambalo rozimari hulivumilia, na mrehani pia kama hauachwi na kiu. Pima kwa mkono: uweke mbele ya karatasi nyeupe mahali ambapo mmea utakaa. Kivuli chenye kingo kali ni mwanga wa kutosha. Kivuli hafifu kisicho na umbo ni dalili kwamba mimea itarefuka na kulegea. Wavu wa mbu hupunguza mwanga, vioo vya rangi hupunguza zaidi, na jengo la jirani linaweza kumaliza kilichobaki. Ikiwa hali ndiyo hiyo, nanaa na pasili bado vina nafasi. Mrehani usiulazimishe.

Pima pia kina cha dirisha. Katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa nusu mita hivi huacha kizingiti ambacho kisanduku kinakaa bila shida. Nyumba nyingi za leo zimejengwa kwa tofali za inchi sita, na fremu ya aluminiamu imewekwa katikati ya ukuta, hivyo ndani hubaki sentimita tano au sita tu. Kisanduku chenye upana wa sentimita 24 hakitakaa hapo. Njia mbili zinafaa: vyuma viwili vya pembe vilivyofungwa ukutani chini ya dirisha, au benchi jembamba lenye kimo cha kizingiti. Kwa mpangaji benchi ni bora, kwa kuwa halitoboi ukuta wa mtu. Usikining'inize kisanduku nje ya grili kwenye ghorofa. Uzito wake ukianguka juu ya mpita njia unaua, na upepo wa kusi hauombi ruhusa.

Uzito huo unahesabika. Udongo uliolowa huwa na kilo moja na nusu hivi kwa lita. Sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 62 kwa 20 na kina cha 17, likijazwa udongo mtupu, hubeba lita 21, yaani zaidi ya kilo 30. Vyombo vitatu vya lita nne ndani ya kisanduku hicho hicho vina kilo 18 vikiwa vimeshiba maji, na hubebwa kimoja kimoja. Vipimo vyenyewe vinatoka kwenye vyombo, kwa hiyo nunua au tafuta vyombo kwanza, ujenge baadaye. Nachukulia ndoo ndogo za mafuta ya kupikia zenye kipenyo cha sentimita 18 na kimo cha 20. Tatu zikiwa zimepangwa, na nafasi ya sentimita mbili kati yake na kila mwisho, zinahitaji sentimita 62 kwa urefu. Kwa upana, 20 zinatosha. Ndoo zilizobeba rangi au dawa za kilimo zisitumike hata zikisuguliwa.

Ubao mmoja wa inchi moja kwa nane wenye futi 12 unatosha kazi yote na kubakiza kipande. Ukipigwa randa utabaki na unene wa sentimita mbili na upana wa 19. Kata vipande viwili vya sentimita 66 kwa mbele na nyuma, na viwili vya sentimita 20 kwa ncha, ambavyo vitakaa katikati ya vile virefu. Kutoka kwenye kilichobaki pasua vijiti viwili vya sentimita 62, vya upana wa sentimita mbili, na uvifunge kwa skrubu ndani, kwenye ukingo wa chini wa mbao ndefu. Juu yake laza vipande vitano vya sentimita 20 kwa tano, ukiviachanisha kwa nafasi sawa. Hicho ndicho kitako, na mianya yake ni ya makusudi: hewa ipande kutoka chini na tone lolote lililokosea njia likauke. Chini ya pembe nne gongomea vimiguu vya sentimita mbili, ili kisanduku kisilalie kizingiti. Sehemu iliyofichika kati ya mbao na saruji ndiyo hubaki na unyevu kwa muda mrefu, na vimiguu hivyo vinaiondoa.

Kwenye viungio, faida ya kisanduku kikavu inaonekana waziwazi. Sanduku la udongo lingehitaji viungio vya kufumana, maana udongo na maji husukuma kuta kwenda nje kila siku. Hapa hakuna kinachosukuma. Skrubu tatu za sentimita tano kwa kila pembe na gundi ya mbao zinatosha, ilimradi utangulie kutoboa kwa keekee. Skrubu inayoingia kwenye ncha ya ubao bila tundu huipasua, na hata isipoipasua hushika vibaya. Ukitaka uimara zaidi, weka kijiti cha mraba ndani ya kila pembe na skrubu ziingie humo. Asiye na vifaa ampelekee fundi seremala vipimo hivi. Ni kazi ya saa chache. Kinachohitajika ni kumweleza mapema kwamba kitako kiwe na mianya, la sivyo atakiziba kwa nia njema. Piga msasa, kisha paka vanishi au rangi nje na ndani, na zaidi ya yote kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu ncha hunyonya maji kwa kasi kuliko uso wa ubao. Acha ikauke mpaka harufu iishe kabisa ndipo upange mimea.

Ndani ya kisanduku, juu ya kitako, weka sinia la bati ambalo fundi bati atakukunjia kwa vipimo vya sentimita 61 kwa 19 na ukingo wa sentimita tatu. Kila ndoo itobolewe matundu matano au sita chini, yenye ukubwa wa msumari wa inchi nne, na ikae juu ya vipande vya vigae ndani ya sinia ili chini yake pasizibe. Midomo ya ndoo itatokeza sentimita tano au sita juu ya mbao, na ndivyo inavyotakiwa, uweze kuishika na kuinyanyua. Wapo watakaohofia mbu, na wana haki. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama majumbani, na katika joto letu hutoka kuwa yai hadi mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Sinia lenye maji ya kudumu ni mazalia. Baada ya nusu saa tangu kumwagilia, nyanyua ndoo na kumwaga kilichobaki, na mara moja kwa wiki lisugue sinia kwa brashi, maana mayai ya mbu huyo hugandia ukutani mwa chombo na hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa sanduku la kilo 30 lisilonyanyulika, usafi huu usingewezekana.

Udongo nitaupitia haraka. Sehemu mbili za udongo tifutifu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga mkubwa wa mto inafaa mimea mingi. Kwa rozimari ongeza mchanga. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Nyuzi za makumbi ya nazi ni nyepesi na hushika maji vizuri, lakini zilizolowekwa maji ya bahari lazima zioshwe mara kadhaa. Chumvi hiyo hiyo iko kwenye maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, peleka ndoo bafuni, mimina maji baridi ya mvua au ya bomba mpaka yatiririke kwa wingi chini, uache ichuruzike. Ndoo moja inahitaji dakika chache.

Kwa giligilani, sugua mbegu kwenye kiganja mpaka zigawanyike mbili, kwa kuwa kila kitufe kina mbegu mbili, kisha zipande pale pale zitakapokulia. Huanza kuvunwa baada ya wiki nne hadi sita, na joto likizidi huchanua na kuacha kutoa majani. Hakuna mbolea ya kulizuia hilo. Dawa ni kupanda ndoo nyingine kila baada ya wiki tatu, ukaiotesha popote penye mwanga, na ya zamani ikichanua unaitoa kisandukuni na kuingiza mpya. Nanaa usinunue mbegu. Kata vijiti kutoka fungu la sokoni, viweke kwenye glasi ya maji, vitatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Mrehani ukifika sentimita 15, kata kilele chake juu ya jozi ya majani, utatoa matawi mawili pale ulipokata, na uendelee hivyo hivyo kila unapovuna. Geuza kila ndoo robo mzunguko kila baada ya siku chache, usije mmea ukalalia kioo.

Kuna pingamizi la mwisho, la mfukoni: fungu la kotmiri sokoni ni bei ndogo, kisanduku kitarudisha lini gharama yake? Kwa hesabu ya shilingi tu, pengine kisirudishe kwa muda mrefu, na si haki kumdanganya msomaji kwamba kitamtajirisha. Lakini fikiria namna viungo hivi vinavyotumika. Kachumbari inahitaji matawi matatu ya giligilani, chai inahitaji majani sita ya nanaa, na sokoni hakuna anayeuza matawi matatu. Unanunua fungu, unatumia robo, lililobaki linaoza kwenye friji au, pasipo friji, linanyauka kabla ya jua kuchwa. Harufu ya mrehani nayo iko kwenye mafuta yaliyo juu ya jani, na huanza kupotea mara jani linapokatwa. Dirishani unakata kiasi unachohitaji, dakika unayokihitaji. Anayepika kila siku atauona utofauti huo mdomoni. Anayepika mara moja kwa wiki aendelee kununua sokoni bila kuona amekosa kitu.

Oktoba ikikaribia, na jua likaanza kuliacha dirisha la kaskazini, mwenye nyumba ya Dar es Salaam yenye madirisha pande mbili anaweza kukihamishia kisanduku upande wa kusini, kisha kukirudisha Machi. Toa ndoo tatu, mwaga sinia, lifute kwa kitambaa, beba kisanduku kitupu kwa mkono mmoja, kikague chini na kwenye pembe, na kama vanishi imechubuka paka upya na uache ikauke kabla ya kurudisha mimea. Rozimari iingie mwisho, na iwe upande ulio karibu zaidi na kioo.